Dana na Chapati

Ami yangu wa Barka, Oman, ana maradhi ya nasaba. Si ya watu, hiyo alishachoka nayo. Ya farasi. Mgeni akikaa tu barazani, hata kahawa haijamiminwa, husomewa koo tano za farasi wa Kiarabu: Kuhailan, Saqlawi, Ubayan, Hamdani na Hadban. Kisha husafirishwa mpaka New York mwaka 1840, pale merikebu ya Sultana ya Sayyid Said ilipowasili na farasi wawili wa zawadi kwa Rais Van Buren. Ami huisimulia habari hiyo kana kwamba yeye ndiye aliyeshika hatamu.

Malkia wa zizi lake alikuwa Dana. Mweupe pe, banda lake lina feni na kiyoyozi, tende za khalas analishwa mkononi. Kando ya pampu ya maji alikaa Chapati, mweupe vilevile, kazi yake kubeba watoto kila Ijumaa wakimvuta masikio. Jina alipewa na watoto hao baada ya kuingiza kichwa dirishani mwa jiko na kumaliza sahani nzima. Wote wawili walinunuliwa siku moja, zizi moja, wangali vigoli: Dana, wa ukoo wa Saqlawi, na pasipoti yake ya farasi, Chapati kama nyongeza ya biashara.

Basi Dana akazaa dume. Baba wa mtoto ni farasi mwenye jina, na mahari yake ilimnyima ami usingizi. Mnunuzi naye akajitokeza mapema, akawa anapiga simu kila mara. Kilichobaki ni chama cha taifa cha farasi wa Kiarabu kumwandikisha mtoto. Na mimi, kwa kuwa ndiye ninayejua kujaza fomu, nikaitwa.

Chama hakiangalii uzuri. WAHO, shirika la dunia la farasi hawa, husema farasi safi ni yule aliyemo katika kitabu cha nasaba wanachokitambua. Awe na shingo ya tausi, kama hayumo, hayumo.

Akaja daktari wa mifugo, Msudani mpole. Akamng'oa mtoto singa chache pamoja na mizizi yake, kwa sababu kipimo cha DNA hutaka mizizi, za kukata kwa mkasi hazifai. Mtoto akampiga teke la paja. Daktari akasema alhamdulillahi, akaandika. Kisha akaomba kusoma chipu ya utambulisho ya mama, ambayo hukaa shingoni upande wa kushoto, chini ya singa, na namba yake ina tarakimu 15.

Akapitisha mashine. Kimya. Akapitisha tena, taratibu, kama anayepiga pasi kanzu ya Idi. Kimya. Upande wa kulia je? Kimya.

"Betri hiyo," ami akasema.

Wakati huo Chapati, ambaye hakuna aliyewahi kumfunga ipasavyo, alikuwa amefika nyuma ya daktari na kuanza kupekua mkoba wake. Daktari akageuka kumsukuma, mashine ikiwa mkononi.

Tiiii!

Tukatazama namba. Tukatazama pasipoti. Ami akanigeukia kwa Kiswahili: "Mwanangu, mwambie mashine imepata joto."

Daktari hakubishana. Akafungua ukurasa wenye mchoro wa farasi, akaonyesha pale paji la uso alama mbili za mahali nywele zinapojizungusha, moja juu ya nyingine. Alama hizo hazibadiliki mpaka farasi anakufa. Dana anayo moja. Chapati anazo mbili, moja juu ya nyingine, na juu yake makombo ya biskuti za daktari.

Rangi ndiyo iliyotuponza. Farasi wa kijivu huzaliwa na rangi nyengine, mweusi au mwekundu, kisha mwaka hadi mwaka hugeuka mweupe. Hawa wawili walikuja kila mmoja na rangi yake, wakageuka weupe pamoja, na katikati hapo mtu akabadilisha mabanda.

"Baba, mimi nilisema," akadakia saisi wetu wa Bangladesh, ambaye Kiswahili amekiokota nyumbani mwa ami. "Saisi wa zamani aliniambia kabla hajaondoka. Wewe ukasema nifunge mdomo, nilete tende."

Na ukoo wa farasi hawa hufuata mama! Yule Saqlawi aliyesifiwa mbele ya wageni wote hao ndiye aliyekuwa akivutwa masikio kando ya pampu, na mtoto wa Dana, pamoja na baba yake wa mahari kubwa, kitabuni hana pa kuandikwa.

Dirishani mwa jiko mke wa ami alikuwa ameshika tumbo. "Kumbe chapati zangu zililiwa na binti wa watu!"

Jioni ileile amri ikatoka, Chapati ahamie kwenye kiyoyozi. Akaingia, feni ikawashwa, akatoka na mlango. Saisi akamrudisha pamponi.

Mnunuzi akapiga asubuhi. Ami akatazama jina kwenye kioo, akanisukumia simu.

"Mwambie niko msikitini, nasali tarawehe."

Ilikuwa saa nne asubuhi, na Ramadhani bado iko mbali.