Michezo ya kunywa kwenye simu: wanaoikataa hawajasikilizwa vizuri

Ukiitaja michezo ya kunywa ya kwenye simu hapa Unguja, mazungumzo hufungwa kabla hayajaanza. Mmoja atasema pombe ni haramu, basi, hakuna cha kujadili. Mwengine atasema sisi ni watu wazima, tunakunywa kwa pesa zetu, pahala pana leseni, na wewe usiyekunywa yanakuhusu nini? Wote wawili wamejibu suala la pombe. La mchezo wenyewe halijaguswa. Katikati yao wapo watu wa tatu, na baadhi yao ni wanywaji hasa, ambao husema: bia nakunywa, mchezo huo sichezi. Hawa huitwa washamba, au waharibifu wa starehe za wenzao. Nadhani wana hoja nzito kuliko wanavyopewa nafasi ya kuieleza.

Kwa asiyeijua, habari yake ni fupi. Mnaandika majina yenu, simu inawekwa katikati ya meza, kisha amri zinapita moja moja: fulani anywe mafunda mawili, fulani achague wa kunywa naye, aliyewahi kumdanganya bosi kuwa anaumwa na anywe. Picolo ni mojawapo ya programu zinazojulikana. Nyengine ni michezo ya karata ya zamani iliyohamia kwenye skrini, kama Kings Cup, ambao kila karata ina amri yake na anayevuta mfalme wa nne hunywa kikombe cha katikati, kilichochanganywa na waliovuta wafalme watatu wa mwanzo.

Wanaoipenda si wapuuzi. Nenda Paje, Kendwa au Nungwi usiku ambao wafanyakazi wa hoteli wamemaliza zamu. Meza moja ina mtu wa Tanga, mtu wa Mwanza, Mkenya mmoja, na kijana wa Pemba mwenye chupa ya juisi ya ukwaju. Wanafanya kazi pamoja, lakini mchana kutwa wanachoambiana ni namba za vyumba na oda za chakula. Mchezo unawapa la kusema. Simu moja inawakusanya, badala ya kila mmoja kuinamia yake. Tena wanasema, na hapa wana haki, kwamba simu haina upendeleo: hakuna mbabe wa meza anayemwandama mnyonge mmoja usiku mzima, jina linatoka lenyewe. Pombe yenyewe visiwani haijapigwa marufuku, ina leseni zake na wenyewe. Mwanzoni mwa 2024, leseni za waagizaji wakubwa zilipokwama na vinywaji kuadimika hotelini, tuliona ilivyogeuka kilio cha utalii, na waziri wa sekta hiyo wa wakati ule akajiuzulu. Anayetaka serikali ifukuzane na programu za simu za watu wazima ajue anaomba kitu ambacho hakitatokea, na sidhani kama kinafaa kutokea.

Tatizo langu na utetezi huo linaanzia pale unapofananishwa mchezo huu na ya barazani. Wanasema mbona dhumna, keram na karata nazo zina adhabu? Zinayo. Lakini itazame adhabu yenyewe. Barazani aliyefungwa anainuka, anampisha mwengine, anakaa pembeni na kutaniwa mpaka zamu yake irudi. Adhabu inamtoa mchezoni na kumpa muda wa kupumua. Kwenye mchezo wa kunywa, aliyeshindwa anabaki pale pale, na adhabu aliyopewa inamfanya ashindwe tena. Amri ikiwa ni kutamka maneno magumu bila kukosea, au kukumbuka sheria iliyowekwa raundi tatu nyuma, mwenye mafunda manne kichwani atakosea kabla ya mwenye funda moja. Kukosea kwake ni funda jengine. Sijui mchezo wa barazani uliotengenezwa hivyo.

Na pale ambapo hakuna ujuzi wowote, ni jina kutoka tu, mambo si mepesi zaidi. Chukua watu sita, simu itoe amri kumi na mbili za kunywa, kila jina likiwa na nafasi sawa kila mara. Wastani ni mbili kwa kila mtu, na wengi huishia hapo: mbili mbili, nani atalewa? Lakini bahati haigawi kama mama anavyogawa nyama kwenye sinia. Ukipiga hesabu, uwezekano wa angalau mmoja wao kuangukiwa na amri nne au zaidi umepita nusu. Kati ya meza mbili zinazocheza hivyo, tarajia angalau moja iwe na mtu aliyekunywa mara mbili ya wastani, bila kosa, bila kutaka, na bila yeyote kumkusudia. Kwenye meza hiyo hiyo huenda mwengine jina lake halijatoka hata mara moja, na huyo ndiye atakayesimulia kesho kwamba mchezo ni mwepesi, tulicheka sana, hakuna aliyelewa. Ushahidi tunaousikia juu ya michezo hii unatoka zaidi kwa waliosalimika nayo. Usawa wa simu ni wa kweli, ila ni usawa wa nafasi, na ini halijui nafasi, linajua kilichoingia.

Hapa ndipo kwenye jambo ambalo wale watu wa tatu huwa wanalihisi bila kulitaja. Chukua meza inayocheza kwa toti badala ya mafunda. Toti ya mililita 30 ya konyagi, yenye kilevi asilimia 35, ina karibu gramu 8 za kilevi. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa hiyo toti moja ni kama saa nzima ya kazi, na toti nne zinataka baina ya saa tatu na saa tano. Amri kumi na mbili hazifiki nusu saa kwenye meza iliyochangamka. Zaidi ya hapo, kilevi hakifiki kileleni damuni mara tu unapomeza. Mara nyingi huchukua kati ya nusu saa na saa moja na nusu, kutegemea umekula nini. Maana yake mchezo unaweza kwisha, watu wakaagana, na pombe ndiyo kwanza inapanda. Mtu anaondoka Paje na pikipiki akijiona mzima, na hajadanganya, wakati ule anajiona mzima kweli. Pombe inamkuta njiani, kwenye msitu wa Jozani. Mwengine anaamua kuogelea.

Anayekunywa kwa mwendo wake naye anaweza kulewa, hilo linajulikana. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, na hiyo ni hoja dhidi ya pombe yote, yenye mchezo na isiyo na mchezo. Ninachosema ni chembamba zaidi. Mnywaji wa kawaida ana breki ndogo ndogo: anazungumza, anasahau glasi, anakwenda msalani, anaona kichwa kizito anaagiza maji. Mchezo unaziondoa zote na kuweka zamu.

Na zamu hiyo ina amri isiyo na uso. Mtu akikwambia kunywa, unaweza kumjibu, kumtania, kumwambia kanywe mwenyewe. Simu haitaniwi. Ukikataa, hujamkatalia yeyote, umeharibu mchezo wa wote, na wenzako watano wanakutazama. Yule kijana wa ukwaju naye yumo. Katika meza ya kawaida hakuna anayehesabu nani ana nini kwenye glasi. Mchezo ukianza, kila zamu yake ni tangazo kwamba yeye hanywi, na utani unaoanza kwa wema, kaka leo onja tu, unaweza kurudi mara nane kwa usiku mmoja. (Sisemi kitu kuhusu tumbo lililojazwa funda baada ya funda la juisi tamu.)

Wenye maduka ya programu wanalijua hili kwa namna yao. Kanuni za duka la Apple, wenye simu za iPhone, kifungu 1.4.3, haziruhusu programu zinazohamasisha unywaji wa pombe kupita kiasi. Ndiyo maana nyingi hufunguka na onyo: kunywa kwa kiasi, tumia kinywaji chochote ukipendacho. Onyo linasomwa mara moja, mwanzoni, wakati kila mtu ana akili zake timamu. Amri zinakuja baadaye.

Sioni sababu ya kuwanyima watu wazima mchezo wao. Ninachokiona kinawezekana ni kuyaacha maswali na kuitoa adhabu ya kunywa: aliyeshindwa ale kipande cha embe bichi kwa pilipili, aimbe, aoshe vyombo vya meza. Watetezi watasema mchezo utapoa. Huenda, kwa meza ambayo watu wake hawana la kuambiana. Kwa watu waliofanya kazi pamoja msimu mzima, swali la nani alimdanganya bosi linatosha kuwakesheza, na anayetaka bia ya pili atanyoosha mkono aagize mwenyewe.