Eti kushea mikroskopu wawili ni shida

Leo kwenye prakto mikroskopu mbili ziligoma, basi mwalimu akasimama mbele akatuomba radhi kabisa kwamba baadhi yetu itabidi tushee wawiliwawili, na dada niliyepangwa naye akanuna mpaka kipindi kinaisha. Mimi koo limenikaba. Nyumbani nilikosoma kabla sijaja huku Sheffield, Uingereza, tulikuwa watu kumi na nne kwa mikroskopu moja, unapanga foleni, unainama sekunde chache, wa nyuma anakugusa bega, "umeona? haya toka", unatoka unaenda kuchora kilichoko kwenye desa, yale makaratasi ya notsi, sio kilichoko kwenye slaidi.

Najua mtasema, kaenda juzi tu kashaanza kutuponda. Siwapondi jamani. Slaidi za leo zilikuwa za malaria, zimepakwa Giemsa, ile rangi ya kuonyesha vijidudu, darasa zima linahangaika, kila chembe ya rangi wanaiita mdudu. Mimi nikaweka tone la mafuta, lenzi ya 100, dakika haijaisha nimeshamwona: pete nyembamba ndani ya seli nyekundu, ina nukta mbili, na mwenzake kajibana ukingoni mwa seli, hiyo ni falsiparamu, ile aina kali ya malaria, wala huulizi mtu. Mwalimu akaja kuangalia, akauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia zahanati, kwa kaka mmoja mwenye diploma, ambaye asubuhi moja anasoma slaidi nyingi kuliko tutakazosoma hapa digrii nzima. Nilijisikia fahari sana, kwa ajili yake.

Kwa hiyo msiniambie wazungu wana akili kutuzidi. Wametuzidi kushika vitu. Hapa kila mtu ana pipeti zake za kupimia vimiminika, ya mikrolita 20, ya 200, ya 1000, na boksi la tipsi, tipu ikishagusa sampuli moja inatupwa. Sisi PCR, ile mbinu ya kunakili DNA kwa mashine ya kubadilisha joto, tumeisomea ubaoni, nyuzi 95, nyuzi 55, nyuzi 72, tukaimwaga kwenye UE, mtihani wa chuo, tukapata A na mfuniko wa mashine hatujawahi kuufungua. Hata ule mzunguko wa Krebs, jinsi seli inavyopata nguvu kwenye chakula, tulioukariri form five mpaka tukauota, kumbe Krebs mwenyewe aliufanyia kazi mji huuhuu mwaka 1937, anasaga misuli ya kifua cha njiwa anapima inavyotumia oksijeni. Yaani alishika. Sisi tuliambiwa tukariri mishale.

Na wewe unayetaka kuandika kwamba nchi maskini, vitendanishi ghali, bumu lenyewe, ile hela ya mkopo wa kujikimu, linachelewa, hayo nayajua, nimelala njaa na hilo bumu kama wewe. Lakini pale kwetu stoo kulikuwa na mikroskopu tatu mpya, tuliziona kwa dirisha, nailoni haijatolewa, miaka yangu yote pale zinasubiri mgeni rasmi aje azizindue. Hizo nazo ni umaskini? Ufunguo alikuwa nao mtu mmoja, na kila siku ya prakto ukimuulizia unaambiwa yuko semina.