Rivolva fupi ya magnum: kuna aibu gani kuitilia .38?

Mtu wa Kisumu au Nakuru mwenye leseni ya silaha akinunua rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) fupi ya .357 Magnum kisha akaitilia risasi za .38 Special, ambazo huingia humo ila ni dhaifu zaidi, wenzake humcheka: amenunua simba amfuge kama paka.

Wanaocheka wana hoja. Risasi ya Magnum ilitoka mwaka 1935 ikiwa na nguvu kuishinda .38, na ganda lake likarefushwa kama milimita 3 lisije likaingia katika bastola zisizoihimili. Silinda ndogo hubeba risasi tano tu, kwa hiyo wanataka kila moja iwe na kishindo.

Lakini Magnum ya 1935 ilipigwa kwa bastola ya mtutu mrefu yenye uzito wa zaidi ya kilo moja. Leo rivolva fupi ya chuma, Ruger SP101, ina gramu 700 na ushei, na Smith & Wesson 340PD ina takriban gramu 330. Risasi ni ileile, mkono ni uleule. Nguvu ya teke, yaani bastola kurudi nyuma inapofyatuliwa, huongezeka kadiri uzito wa bastola unavyopungua, hivyo ile nyepesi hupiga kiganja zaidi ya mara mbili ya nzito. Hesabu hiyo haijali misuli ya mtu. Mdomo wa mtutu huruka juu, mshiko unahama, na risasi ya pili inachelewa. Tena mtutu ukiwa mfupi hivyo, baruti nyingi huungulia nje: mwako na mlio unavipata, kasi yote huipati. Katika bastola nyepesi, teke laweza hata kuzichomoa risasi zilizobaki kutoka katika maganda yao, moja ikachomoza mbele na silinda ikakwama.

Wengine husema, zoeza mkono kwa .38, halafu tembea na magnum. Sikubaliani. Mkono huzoea teke ulilolipata, si lile lililomo kwenye silinda. Na kwetu cheti cha silaha hutaja hata idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Mtu akipiga tano za magnum, kiganja kikawaka moto, ya sita anafumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio, kisha bastola inarudi kasikini hadi mwaka ujao. (Mpini mkubwa wa mpira husaidia, ila ukishauweka, mfukoni haiingii tena.)

Mwenye bastola ya chuma na nafasi ya kwenda kulenga shabaha mara kwa mara, magnum inamfaa. Mwenye duka pale Kibuye anayebeba gramu 330 na kufyatua kwa nadra, ajaze .38 bila kumwomba mtu radhi. Asugue tu matundu ya silinda vizuri, maana ganda fupi huacha pete ya masizi, na siku akitaka kuingiza .357, ganda lake refu litagoma.