Stelingi Akifa, Nani wa Kulaumiwa?

"Yaani ndiyo imeisha?" Swali hilo husikika taa zinapowashwa ukumbini baada ya filamu ya kutisha kumalizika vibaya. Anayeuliza anajua fika kwamba imeisha, maana majina ya waigizaji yanapanda kwenye skrini mbele ya macho yake. Kinachomkera ni kutendewa hivyo. Kakaa karibu saa mbili roho mkononi, kamsindikiza stelingi kwenye kila chumba chenye giza, kamwonya kwa sauti asiufungue ule mlango, na mwisho wa yote anakabidhiwa maiti.

Mimi miisho ya namna hiyo naipenda na huwa naitetea. Filamu ya kutisha inayothubutu kumaliza vibaya huniganda kichwani kuliko kumi zinazomaliza kwa king'ora cha polisi na blanketi mabegani mwa aliyenusurika. Ila siitetei yote, natetea ile yenye haki tu. (Humu nitataja miisho ya filamu kadhaa bila huruma. Usiyependa kuharibiwa uhondo, ishia hapa.)

Tuanze na ile inayozua ugomvi kila inapotajwa, The Mist ya mwaka 2007. Ukungu wenye madubwana umeufunika mji, watu wamejifungia dukani, na baba mmoja, David, anahangaika kumlinda mwanawe mdogo. Hadithi ya Stephen King iliyoizaa filamu hiyo inawaacha manusura safarini ndani ya ukungu, wakiwa na matumaini membamba kama uzi. Mwongozaji Frank Darabont hakuishia hapo. Kwenye filamu, gari linaishiwa mafuta. Ndani wamo watu watano, bastola ina risasi nne. Wanatazamana, wanaelewana, na David anawaua wenzake wote wanne, mwanawe akiwemo, wasije wakararuliwa na yale madubwana. Kisha anashuka garini akipiga kelele, anayaita yaje yammalize na yeye. Kinachochomoza kwenye ukungu ni kifaru cha jeshi. Nyuma yake yanafuata malori yaliyojaa watu waliookolewa.

"Angesubiri dakika mbili tu!" Sijawahi kuijadili filamu hiyo na mtu asiseme maneno hayo au yanayofanana nayo. Kila mtu anapiga hesabu ya zile dakika, na hesabu ndiyo inayouma. Lakini hebu rudisha filamu nyuma kidogo, pale risasi zinapohesabiwa. Ni nani kati yetu aliyepinga? Madubwana tulikuwa tumeyaona, na namna yanavyoua tulikuwa tumeiona. Kimoyomoyo, wengi tulikuwa tumeshampa David ruhusa. Halafu kuna jambo ambalo watu hulipita kwa sababu ya hasira. Kwenye mojawapo ya yale malori amesimama mama aliyetoka dukani mwanzoni kabisa kwenda kuwatafuta wanawe. Aliomba mtu amsindikize, wote wakamkatalia, David akiwa miongoni mwao. Alipoingia kwenye ukungu peke yake tulisema huyo ndiyo basi tena. Sasa yuko hai, watoto wake anao, na anamtazama David akiwa amepiga magoti barabarani.

Kwa hiyo mtu anaponiambia Darabont alituonea, simkubalii. Aliyaweka yote mezani tangu dakika za mwanzo, sisi tukachagua upande uleule aliouchagua David, tena kwa sababu zilezile. King mwenyewe alisema hadharani kwamba mwisho huo aliupenda, na Darabont alikuwa radhi kufanya kazi kwa bajeti ndogo ilimradi usiguswe. Hiyo ndiyo haki ninayoizungumzia: mwisho mchungu una haki pale mtazamaji aliposhiriki kuupika. Hasira yake nusu inamwendea mwongozaji, nusu anajirudishia mwenyewe bila kukiri.

Mfano ulio safi zaidi, kwa maoni yangu, ni Spoorloos ya Uholanzi, iliyotoka mwaka 1988. Kijana anaitwa Rex. Mpenzi wake Saskia anaingia kununua vinywaji kwenye kituo cha mafuta huko Ufaransa na hatoki tena. Miaka mitatu Rex anatafuta, hata anapopata mwanamke mwingine hawezi kuacha. Mtekaji mwenyewe, mwalimu wa kemia mwenye mke na mabinti, hatimaye anajitokeza na kumpa sharti: ukitaka kujua yaliyompata Saskia, kunywa kahawa hii yenye dawa ya usingizi, nawe yatakupata yaleyale. Mtu mwenye akili timamu angeimwaga. Lakini filamu imetumia zaidi ya saa moja kututia kiu hiyohiyo ya Rex, na kahawa inapomiminwa, tunataka anywe. Anakunywa. Anaamka ndani ya sanduku, chini ya ardhi, akiwa na kiberiti cha gesi mkononi. Tumejua. Hakuna damu, hakuna dubwana, na sidhani kama nimewahi kuogopa kwenye sinema kuliko hapo.

Miaka mitano baadaye, 1993, mwongozaji yuleyule, George Sluizer, aliirudia hadithi hiyo Marekani. Safari hii mwanamke mpya wa kijana anafika kwa wakati, anamfukua, na mtekaji anauawa. Stelingi kapona, adui kafa, wahakiki wakaitandika filamu bila huruma. Naona walikuwa sahihi, ingawa sababu yangu si kwamba mwisho mwema ni dhambi. Ule mwisho mwema unalifuta swali ambalo hadithi nzima iliundwa kuuliza: uko tayari kulipa kiasi gani ili ujue? Jibu linakuwa, kunywa tu, utafukuliwa.

Jambo hilohilo limejirudia majuzi. Speak No Evil ya Denmark, ya mwaka 2022, inahusu familia inayowatembelea watu waliokutana nao likizoni. Wenyeji wanavuka mipaka kidogo kidogo, na wageni wanavumilia kila kitu kwa sababu hawataki kuonekana hawana adabu. Wanapouliza mwishoni kwa nini wanatendewa ukatili ule, wanajibiwa kwamba wao wenyewe ndio walioruhusu. Watu wengi wanaichukia filamu hiyo, wanasema wale wazazi ni wajinga mno, mbona hawakukimbia? Ndiyo, mbona hawakukimbia. Nawe umewahi kubaki kwenye mazungumzo ya kudhalilisha kwa sababu kuinuka kungeonekana utovu wa adabu. Toleo la Marekani la 2024, lenye James McAvoy, linawapa wageni ujasiri, wanapambana na wanashinda. Nililipenda kama burudani, McAvoy anatisha kwelikweli. Ila lile swali halimo tena.

Sasa, kuna upande wa pili, na hapa naungana na waliozomea. Marekani kuna kampuni iitwayo CinemaScore ambayo huwauliza watazamaji wanapotoka ukumbini usiku wa kwanza, nao hutoa alama kuanzia A hadi F. Filamu za kutisha huwa zinaadhibiwa vikali kwenye mtihani huo. Hereditary ya 2018, iliyosifiwa sana na wahakiki, ilipata D+. The Devil Inside ya 2012 ilipata F. Ukitazama herufi tu utadhani ni wanafunzi wawili wa darasa moja, kumbe sivyo. Hereditary inamalizika vibaya kwa sababu familia tunayoifuata ilikuwa imeshanaswa kabla hatujaketi, na dalili zimetapakaa filamu nzima kwa anayeangalia vizuri. The Devil Inside inamalizika kwa gari kugonga, skrini inakuwa nyeusi, na kisha yanatokea maandishi ya kukuelekeza kwenye tovuti ukapate habari zaidi. Watu walizomea. Ningekuwapo ningezomea nao. Huo haukuwa mwisho mchungu, ulikuwa mwisho uliokosekana.

Na kuna ule mtindo mwingine wa kivivu: mambo yametulia, muziki umelainika, halafu sekunde ya mwisho mkono unachomoka. Waongozaji wanadhani huo ni ujasiri. Ni kelele tu, na mara nyingi ni tangazo la sehemu ya pili.

Hasira ya watazamaji ina historia ndefu kuliko sinema. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, aliona zamani kwamba washairi wa jukwaani huwapa watu kile wanachotamani, mwema atuzwe na mwovu aadhibiwe, na akasema ni kwa udhaifu wa watazamaji. Tamthilia ya King Lear ya Shakespeare ilivishwa mwisho wa furaha na mshairi Nahum Tate mwaka 1681, binti wa mfalme akabaki hai na akaolewa, na toleo hilo likatawala majukwaa ya Uingereza hadi mwaka 1838. Zaidi ya karne moja na nusu! Kwa hiyo tusiwacheke wale wanaojaza makaratasi kwenye maonyesho ya majaribio, wanapoonyeshwa filamu kabla haijatoka na kuulizwa maoni.

Maonyesho hayo ya majaribio yana kisa kimoja ninachokipenda, ingawa filamu yenyewe ni ya muziki na vichekesho kuliko kutisha. Mwaka 1986 Frank Oz alimaliza Little Shop of Horrors kama ilivyokuwa jukwaani: mmea unaokula watu unawameza wapenzi wawili, kisha mimea yake inaibomoa miji. Fedha nyingi na kazi kubwa ya vinyago viliteketea kwenye sehemu hiyo. Watazamaji wa majaribio walikuwa wakishangilia kila wimbo mpaka wapenzi wale walipokufa, na ukumbi ukapoa. Mwisho ukabadilishwa, na ule wa kwanza ukaja kuonekana kwa ukamilifu mwaka 2012. Maelezo ya Oz yananigusa kwa sababu hayana kiburi. Alisema jukwaani waigizaji waliokufa hurudi kuinama mbele ya watazamaji, wakapigiwa makofi. Kwenye sinema hawarudi. Wamekufa basi.

Lakini kuna wakati ambapo ukatili wa mwisho ndio ukweli wenyewe. Night of the Living Dead ya George Romero, 1968: Ben, mwanamume mweusi aliyeongoza wenzake usiku kucha dhidi ya maiti zinazotembea, anapona hadi asubuhi. Anachungulia dirishani aliposikia waokoaji. Wanampiga risasi ya kichwa wakidhani ni mmoja wa wafu, kisha tunaonyeshwa picha za mnato, mwili wake ukiburutwa kwa kulabu na kutupwa kwenye moto. Mhakiki wa filamu Roger Ebert aliandika jinsi alivyoitazama kwenye onyesho la mchana lililojaa watoto, nao walipigwa na butwaa, wengine wakilia. Walikuwa wamezoea madubwana yanayokufa. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, Martin Luther King alikuwa ameuawa. Ben angeokolewa, filamu ingekuwa inadanganya.

Karibu miaka hamsini baadaye mwongozaji Jordan Peele alikutana na uamuzi uleule kwenye Get Out ya 2017. Aliandika na kupiga mwisho ambapo Chris, kijana mweusi aliyeponea chupuchupu, anakamatwa na polisi na kuishia gerezani. Akaubadilisha. Kwenye filamu iliyotoka, taa kama za gari la polisi zinamwangukia Chris akiwa juu ya mwanamke mweupe anayetokwa damu, na ukumbi mzima unashusha pumzi kwa kukata tamaa kwa sababu kila mtu anajua kinachofuata. Mlango unafunguliwa, anashuka rafiki yake. Kumbi zililipuka kwa shangwe. Naona huo ni mwisho mwema ulio na haki kamili, kwa kuwa haukujifanya mwisho mbaya haupo. Uliuweka mbele yetu sekunde kadhaa tuuonje, tena mtu aliyemwona Ben akifa aliuonja zaidi.

Kwa anayesema maisha yenyewe ni magumu, kwa nini alipe apewe huzuni, sina ubishi naye. Filamu si dawa, hakuna aliyeandikiwa. Ninachokataa ni kuamuliwa na mtu mwingine kwamba mimi siwezi kuhimili. The Descent ya Neil Marshall ilitoka Uingereza mwaka 2005 ikimalizika kwa Sarah, mwanamke aliyenaswa pangoni na viumbe wanaowinda watu, kugundua kwamba kutoroka kwake ilikuwa ndoto. Bado yuko chini, na mbele yake anamwona binti yake aliyekufa, ameketi na keki ya siku ya kuzaliwa, huku sauti za wale viumbe zikikaribia. Ilipofika Marekani mwaka 2006 dakika hiyo ya mwisho ilikatwa. Ajabu ni kwamba kilichokatwa kwa kuhofia giza ndicho chenye upole peke yake kwenye filamu nzima. Toleo fupi linamwacha Sarah garini, nje, akishtuliwa na mzimu wa rafiki yake. Hilo halijapunguza huzuni hata kidogo, limeondoa tu maana yake.

Kwa anayetaka kuanza na miisho hii, nisingempa The Mist kwanza. Ningempa Spoorloos, kwa kuwa haina damu wala makelele, halafu lile toleo la 1993 siku ya pili yake, kabla hasira haijapoa. Hereditary isubiri, na asiitazame na mtu anayepiga soga.