Kaunsela alilia, shemeji akaacha kwenda

Shemeji yangu alikuwa KDF, jeshi la Kenya, akaenda Somalia akarudi mzima, yaani mikono na miguu yote iko. Usingizi ndio haukurudi naye. Akapelekwa kwa kaunsela, na kikao cha tatu akaanza kueleza kitu kilichowapata wakiwa doria, hajafika hata katikati yule dada wa watu machozi yakamtoka, ikabidi shemeji ndiye ampe tishu na kumwambia pole. Hakurudi tena. Nilipomuuliza akasema, "Wewe, yule mtoto nimuumize bure kwa nini?"

Nyumbani walisema ni kiburi cha kijeshi. Mimi nilikataa na bado nakataa.

Tiba mbili za mazungumzo zinazosifiwa sana kwa PTSD, yaani ugonjwa wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha, ni ile ya mwanasaikolojia Patricia Resick, vikao 12 hivi, unachambua fikra zilizokukwama tangu siku ile, na ile ya mwenzake Edna Foa ambapo unasimulia tukio tena na tena mpaka liishe makali. Zote mbili zilianza kujaribiwa kwa wanawake waliobakwa, jeshini zikaingia baadaye. Na sisemi ni mbaya, zimesaidia watu wengi. Lakini mwaka 2015 mtafiti Maria Steenkamp na wenzake walipitia majaribio yaliyofanyiwa wanajeshi na maveterani wakakuta wengi walipata nafuu kweli, ila karibu theluthi mbili walimaliza tiba na PTSD bado wanayo. Theluthi mbili jamani!

Maoni yangu ni kwamba tunatibu woga kwa mtu ambaye shida yake sio woga peke yake. Aliyeshambuliwa ukimwambia "haikuwa makosa yako" unamwambia ukweli mtupu. Sasa chukua askari aliyefyatulia gari lililokataa kusimama kwa roadblock halafu akafungua mlango akakuta ni mama na watoto, huyo ukimwambia si makosa yake atakuona hujui unachosema, na atanyamaza. Jonathan Shay, daktari aliyekaa miaka na maveterani wa Vietnam, maumivu ya namna hiyo aliyaita jeraha la dhamiri. Mwanasaikolojia Brett Litz na wenzake wakatunga tiba ya Marines wa Marekani inayotenganisha mambo matatu: hofu ya kufa, msiba wa kupoteza wenzako, na hilo la dhamiri. Kwa la dhamiri hawakuambii hukukosea. Unaambiwa umfikirie mtu unayemheshimu sana ambaye hawezi kukutupa, umwambie yote kwa sauti, halafu useme yeye angekujibu nini. Ukiwa na msiba, unaongea na yule rafiki aliyekufa.

Hiyo naiona inaingia kwetu vizuri sana, maana nani hapa hajawahi kuongea na marehemu kaburini? Shemeji ningemwekea babu yake.

Kuna lugha pia. Kambini wameishi kwa Kiswahili, wametukanana na kuliliana kwa Kiswahili, halafu ofisini anapewa fomu ya Kizungu akadirie ndoto zake kutoka sifuri hadi nne. Na kuna siri, hii ndio kubwa zaidi kwangu: kama mkubwa wake anaweza kujua alichosema, ataogopa jina kukatwa kwa mission inayofuata, na mission ndio karo ya watoto, kwa hiyo atasema yuko sawa na kaunsela ataandika yuko sawa.

Simlaumu yule dada aliyelia, alikuwa raia, hakuna aliyemwandaa kwa stori za aina hiyo. Wangemfundisha kwanza, ama wangemweka pamoja na askari mstaafu kwenye chumba kimoja.

Saa hii anayemsikiliza shemeji ni jamaa mmoja waliyekuwa naye kambi ile ile. Wanapigiana saa nane usiku, wanaongea kidogo, wanacheka, wananyamaza laini ikiwa bado iko hewani. Dada yangu anasema akikata simu huwa analala.