Tone moja la maji halitoshi
Mwandishi wa makala hii ya kupima usalama wa maji anadai kwamba vihisi vya nano (vipimo vinavyotumia chembe ndogo mno), kwa kuwa vinatambua bakteria ndani ya dakika chache, vitafanya kazi ya kuotesha vimelea maabara ipitwe na wakati. Kwenye kasi sina ubishi: nimefanya kazi maabara ya maji miaka mingi, na kuotesha E. coli, bakteria anayeashiria kinyesi kwenye maji, huchukua saa 18 hadi 24 kabla hujaona kitu kwenye sahani. Chembe za dhahabu zilizovishwa kingamwili (protini zinazonasa bakteria wa aina fulani) zikikusanyana juu ya bakteria, rangi hugeuka kutoka nyekundu kuwa buluu, unaiona kwa macho. Lakini maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na E. coli hata mmoja katika mililita 100, ilhali kihisi hupokea tone tu. Bakteria huyo akiwa nje ya tone hilo, je? Itabidi uchuje kwanza au uwaache wazaliane, na hapo zile dakika zimeshakuwa saa. Tena kingamwili hunasa hata bakteria aliyekwisha kuuawa na klorini, kwa hiyo kihisi kinaweza kuonyesha hatari isiyokuwepo (hili makala imeliruka kabisa). Kuna mtu hapa amewahi kutumia kihisi cha aina hii nje ya maabara, kwenye maji yenye tope?