Mabaki ya antibiotiki viwandani: kikomo kiwekwe na serikali au na mnunuzi?

Mwaka 2007 watafiti wa Sweden walichapisha vipimo vya maji yaliyotoka kwenye mtambo wa kusafisha maji taka wa Patancheru, karibu na Hyderabad, India. Mtambo huo ulihudumia viwanda vya dawa takriban 90. Siprofloksasini, mojawapo ya antibiotiki, ilifika miligramu 31 kwa lita, juu ya kiwango kinachopatikana kwenye damu ya mgonjwa anayetumia dawa hiyo. Na hayo ni maji yaliyokwisha kusafishwa.

Kikomo cha siprofloksasini kinachotajwa sana ili bakteria wasijenge usugu, yaani wasizoee dawa hadi isiwaue tena, ni mikrogramu 0.06 kwa lita. Ukipiga hesabu, kilo moja ya unga wa dawa uliobaki kwenye pipa la kuchanganyia inahitaji zaidi ya lita bilioni 16 za maji kufikia kiwango hicho. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye pipa, kabla ya bomba la maji taka. Unga unafyonzwa kwa mashine ungali mkavu, kisha maji ya suuzo la kwanza yanakusanywa peke yake na kuchomwa kwenye tanuru la joto kali. Yanayofuata ndiyo yapelekwe kwenye mtambo. Yote yakichanganywa, mabwawa ya kibiolojia, ambamo bakteria hutumiwa kusafisha maji taka, yanakuwa kitalu cha usugu: bakteria tele, chakula tele, na dawa isiyotosha kuwamaliza. Siprofloksasini hunata kwenye tope, na tope likimwagwa shambani kama mbolea tatizo limehama tu. Amoksilini, antibiotiki nyingine, ina nafuu, kwani huvunjika kwenye maji yenye alkali kali.

Wenye viwanda husema dawa nyingi zaidi huingia kwenye mazingira kupitia mikojo na vinyesi vya watu na mifugo. Ni kweli kwa jumla, ila maji taka ya kawaida ya mjini hayafiki miligramu 31 kwa lita. Hoja yao nzito ni ya upatikanaji. Mlipuko wa mwaka 2016 katika kiwanda kimoja cha China ulisababisha uhaba wa piperasilini-tazobaktamu, antibiotiki ya hospitalini, duniani. Masharti yakifukuza wazalishaji wachache waliobaki, mgonjwa ndiye atakayeumia kwanza. India yenyewe ilipendekeza vikomo vya mabaki ya antibiotiki Januari 2020, viwanda vikapinga, na kanuni za 2021 zikatoka bila vikomo hivyo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake Septemba 2024, lakini mwongozo si sheria. Ndiyo maana naona mnunuzi ana nguvu kuliko anavyodhani. Norway imekwisha kuipa mazingira alama kwenye zabuni za antibiotiki za hospitali. MSD ya Tanzania na KEMSA ya Kenya, taasisi za serikali za kununua na kusambaza dawa, zinazohudumia nchi zinazoagiza dawa nyingi kutoka India, zinaweza kuanza na sharti dogo: mizania ya kila toleo (mkupuo mmoja wa uzalishaji), yaani kilo za kiambata hai, ile dawa yenyewe, zilizoingia, zilizo kwenye vidonge na zilizochomwa. Pengo linalobaki ndilo linaloshukiwa kwenda majini.

Mizania peke yake haitoshi, hata hivyo. Kwenye toleo la kilo 500, kosa la asilimia 1 tu la mizani ni kilo 5, na tumeshaona kilo moja inavyochafua mto. Lazima iambatane na sampuli za bombani, zichukuliwe siku ya kuosha mitambo na mkaguzi asiyelipwa na kiwanda. Gharama ya vipimo hivyo iwekwe wazi kwenye bei ya zabuni, la sivyo kitakachopatikana ni cheti tu.